Anaeli Elisifa Nkya na Kesi ya Mwanawe Ng'ambo ya Holili

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, ndugu wa ukoo wa Nkya, na ninyi nyote mliopanda kutoka Moshi, Bomang'ombe, Rombo na ng'ambo ya mpaka, familia inawaomba mkae, na waliokosa viti wasogee kwenye kivuli cha migomba, kwa kuwa maisha ya miaka sabini na saba hayasomwi kwa haraka, na yeye mwenyewe hakupenda mtu asome karatasi yoyote kwa haraka.

Anaeli Elisifa Nkya alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 hapa Wari, Machame, katika kihamba hiki, shamba la ukoo, ambamo tutamzika leo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Elisifa Nkya na mama Agness, na alibatizwa Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka huohuo. Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, na ingawa alifaulu hakuendelea, kwa sababu karo ya mwaka ule ilitosha mtoto mmoja na mkubwa wake alikuwa ametangulia, jambo ambalo alilisimulia bila uchungu, akisema kwamba darasa la nane la wakati ule lilimtosha kusoma Biblia na mizani.

Mizani ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1994 alikuwa karani wa kupima kahawa katika chama cha msingi, miaka ishirini na saba, na wazee waliopo hapa watakumbuka msimu wa mwaka 1978 ambapo mkulima mmoja alileta kahawa isiyokauka, akaweka noti juu ya mizani pamoja na gunia, naye Anaeli akaiondoa ile noti, akaishika juu watu wote kwenye foleni waione, akasema, "Hii nayo haijakauka," akamrudishia mwenyewe. Alipostaafu alirudi kwenye migomba na ng'ombe wake wa maziwa, akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa mwaka 1996.

Tarehe 20 Oktoba 1973 alifunga ndoa takatifu na Yuditha Lema, ambaye leo ni mjane, nao wakajaliwa watoto wanne, Gidioni aliyezaliwa 1974, Agness 1977, Isack 1981 na Godwin 1986. Isack alioa Tereza wa kutoka Rombo, na tarehe 2 Februari 2006 wakapata mtoto wao mmoja, Rachel, aliyekaa hapa mbele karibu na bibi yake.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo maisha ya marehemu yalipogeuka. Isack alikuwa dereva wa lori la vitunguu, akivuka mpaka wa Kenya pale Holili kwenda Mombasa, na asubuhi ya tarehe 14 Machi 2012, alipokaribia Voi, lori lake liligongana uso kwa uso na trela la kampuni moja ya kule, akafariki palepale akiwa na miaka thelathini na mmoja. Kampuni iliandika kwamba trela lake lilikuwa upande wake na kwamba Isack alikuwa amelewa. Baba yake aliisoma barua ile akiwa amesimama uani, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akamwambia mama, "Mama Gidioni, wamemzika mara ya pili, na safari hii wamemzika vibaya." Kuanzia siku hiyo fidia ilikuwa jambo la pili kwake, la kwanza likiwa kwamba Rachel, aliyekuwa na miaka sita, asikue akiambiwa baba yake alikufa kwa pombe.

Mwezi Aprili 2013 alifungua kesi katika mahakama ya Voi kwa niaba ya Rachel na Tereza, kwa mkono wa wakili Mwakio, ambaye tunamshukuru kuwa nasi leo. Mwezi Februari 2014 kampuni iliomba kwamba, kwa kuwa mdai anaishi nje ya Kenya na hana mali kule, aweke kwanza mahakamani shilingi laki moja na nusu za Kenya, ili akishindwa gharama zao zilipwe kutoka hapo, na mahakama ikakubali. Marehemu hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Alichosikia yeye ni kwamba atoe hela ndipo asikilizwe. Alipanda basi hadi Voi, akasimama mbele ya dirisha la karani, akasema, "Kijana wangu, mimi nimepima kahawa miaka ishirini na saba, hela ya namna hii naijua."

"Mzee, si yangu, ni ya mahakama," akajibu karani.

"Wote husema hivyo," akasema Anaeli, akarudi nyumbani na hela yake mfukoni, na Jumatano iliyofuata akasimama kwenye ibada ya jumuiya akashuhudia jinsi alivyoombwa rushwa ugenini na jinsi Mungu alivyomsaidia kukataa, watu wakamwimbia wimbo wa sifa. Wakili alimpigia simu mara nne, na mara zote nne akajibiwa kwa heshima na kwa ukaidi. Mwezi Novemba 2014 kesi ikafutwa kwa sababu dhamana haikuwekwa, naye akaamriwa kulipa gharama za kampuni. Familia haikuficha jambo hili akiwa hai, na haitalificha leo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelisimulia kuliko mtu yeyote.

Mwezi Januari 2015 alishuka Bomang'ombe kuuza parachichi, akamkuta Leonce, anayetoa msaada wa kisheria bila malipo kwenye kile chumba karibu na soko, akamweleza habari za rushwa ya Voi akitegemea kusifiwa. Leonce alimsikiliza hadi mwisho.

"Mbe, mzee wangu, nakuomba usinikasirikie," akamwambia. "Ile si rushwa. Inaitwa dhamana ya gharama, unapewa stakabadhi, ukishinda unarudishiwa. Hata hapa kwetu, Mkenya asiye na mali huku akishtaki, anaweza kuambiwa hivyohivyo."

"Rushwa nayo ina majina mazuri," akasema Anaeli.

"Rushwa haina stakabadhi, mbe."

Anaeli akauliza zimebaki siku ngapi za kuifungua tena, akaambiwa kwamba sheria ya kule inatoa miaka mitatu tangu ajali, kwa hiyo mwisho ni Machi, na baada ya hapo hakuna tena kesi, hakuna Rachel wala Tereza mbele ya hakimu yeyote.

Katika wiki zile alianza kuuliza kila aliyepita mbele yake jinsi watu wa nchi nyingine wanavyobeba kesi, naye akaandika kwenye daftari la mistari. Wageni wa usharika rafiki walikuwa wamekuja kutoka Ujerumani, na mama mmoja aliyekuwa karani wa mahakama kwao akamweleza, kwa mkalimani, kwamba kule malipo ya wakili na ya mahakama yamepangwa kwa jedwali la sheria kulingana na thamani ya kinachodaiwa, anayeshindwa hulipa pande zote mbili, na watu wengi wana bima ya kesi kama tulivyo na bima ya gari. Denis, mtoto wa dada yake aliyeko Marekani, akamwambia kwa simu kwamba huko kwa ajali kama ile wakili hadai kitu mwanzoni, anasubiri, wakishinda anachukua kama theluthi, wakishindwa hana malipo ya kazi yake, na kwa kawaida kila upande hujilipia wakili wake. Marehemu akampigia wakili Mwakio kumwomba naye achukue theluthi, akajibiwa kwamba sheria ya Kenya hairuhusu wakili kupatana mgawo wa fidia. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nimeelewa," akamwambia mama, "wa Marekani analima kwa kugawana mavuno, wa Voi ni kibarua, na wa Ujerumani ana bei ya dukani. Sisi huku tuna ng'ombe."

Ndivyo alivyokwenda kwenye kikundi cha kopa mtamba, ambacho kila mwanachama hupewa mtamba mmoja na hulipa kwa kumpa mwenzake ndama jike wa kwanza, akaomba mbele ya familia kumi na mbili kwamba utaratibu uleule utumike kwa kesi, anayeshinda alete mitamba kwa mwenye kesi inayofuata, anayeshindwa asidaiwe. Mzee Augustino, jirani yake wa mpaka wa mfereji, ambaye yuko hapa na amekubali tumtaje, alisimama akasema, "Baba Gidioni, wewe ulikataa kutoa hela ukiwa nayo, sasa haikutoshi ndiyo unataka kutoa ng'ombe wetu?"

Watu walicheka, na marehemu akacheka nao, kisha akasema, "Ndiyo, Augustino. Nilikosa. Nilidhani kila hela inayotangulia ni dhambi." Augustino alikuwa wa kwanza kutoa mtamba. Mitamba mitatu ikauzwa mnadani Weruweru, na pamoja na hela aliyorudi nayo mfukoni ikatosha gharama za kesi ya kwanza na dhamana ya kesi ya pili, kesi mpya ikafunguliwa Voi tarehe 2 Machi 2015, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili. Safari hiyo, kabla ya kwenda kwa wakili, alikwenda kwenye dirisha la yule karani akamwomba msamaha kwa jina la Yesu, watu wakisikia, na Jumatano iliyofuata akasimama tena kwenye jumuiya akafuta ushuhuda wake wa kwanza. Kwenye jumuiya hakuimbiwa, ila mama alimshika mkono wakaondoka pamoja.

Kesi ilisikilizwa kwa miaka minne. Anaeli alivuka Holili mara kumi na saba, akibeba ndizi za kuchoma na chupa ya chai, na tarehe 6 Juni 2019 hukumu ikatoka kwamba trela ndilo lililohama upande wake, kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa Isack alikunywa, na kwamba kampuni ilipe fidia na gharama. Siku hiyo Rachel alikuwa na miaka kumi na mitatu, na babu yake alimsomea ukurasa ule wenye jina la baba yake, polepole, neno kwa neno, hapa kwenye baraza. Kampuni ilikata rufaa, hela haikutoka, hata hivyo mwaka 2020 alirudisha mitamba mitatu kutoka zizini mwake, akisema kwamba yeye alichokwenda kukitafuta amekipata. Kwa mitamba ile majirani watano wameendesha kesi zao, watatu wakashinda na wawili wakashindwa, na wengine wengi waliokuja kwake na hasira aliwafungulia lile daftari, akawaonyesha gharama, wakaenda kupatana nyumbani.

Mwezi Septemba 2023 alianza kuumwa, akapimwa KCMC akagundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa awamu, akapata nafuu, na mwezi Mei mwaka huu hali ikabadilika akalazwa Hospitali ya Machame. Akiwa kitandani, mwezi Juni, ilikuja barua ya kampuni kwamba wako tayari kulipa nusu ya fidia mara moja, kila upande ubebe gharama zake, kwa sharti kwamba tukubali hukumu ya 2019 iondolewe. Wakili alisema wazi kwamba nusu si kitu kidogo, na kwamba rufaa inaweza kwenda upande wowote. Marehemu alimwita Rachel, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa na anasomea ualimu, akampa barua.

"Babu, wewe ungefanyaje?" akauliza Rachel.

"Mimi nikisema, utafanya kwa ajili yangu, na mimi naondoka," akamjibu. "Usibebe kesi kwa sababu ya mzee. Soma yote, hata ya nyuma, ndipo useme."

Alilala katika Bwana siku ya Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake, kabla Rachel hajatoa jibu.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikaa. Gidioni, kwa uchovu wa haki wa mtoto wa kwanza, alisema kwamba miaka kumi na mitatu inatosha, Tereza anahitaji nyumba na Rachel ana karo, tupokee nusu, tumwache Isack na baba yake walale. Wengi walikubali. Ndipo Rachel akaomba ruhusa, akasalimia wakubwa shikamoo, akasema, "Baba mkubwa, nimesoma yote. Wakitaka kukaa na nusu ya hela, waandike tu, nitasaini kesho. Lakini hela tunaweza kugawana nao, hukumu hapana. Ule ukurasa ndio ninaomfahamu nao baba."

Gidioni akamuuliza mama yake Rachel anasemaje, na Tereza akasema kwamba nyumba amesubiri na ataendelea kusubiri. Kwa hiyo familia inatangaza mbele yenu kwamba kesi haizikwi leo. Wakili ametueleza kuwa sheria inampa anayeshika nafasi ya marehemu mwaka mmoja wa kuiomba mahakama imwandike kwenye kesi, na ukoo mzima umemkubali Rachel Isack Nkya, wa kwanza kuweka sahihi akiwa Gidioni, ambaye Jumatatu atavuka naye Holili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa KCMC na wa Hospitali ya Machame waliomhudumia kwa upole, majirani wa Wari mliokata majani ya ng'ombe wake miezi mitatu bila kuombwa, makarani wenzake wa zamani wa chama cha msingi, wazee wa kanisa, kikundi cha kopa mtamba, Leonce wa Bomang'ombe na wakili Mwakio, na yule karani wa Voi, aliyestaafu sasa, ambaye alipanda basi jana kuja kumzika mtu aliyewahi kumwita mla rushwa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa na vitukuu wawili.

Baba, umemaliza zamu yako, na aliyeipokea tumemwona. Bwana akupumzishe kwa amani. Amina.