Fundi wa Mkono wa Mwisho: Maisha ya Weldon Kiptanui arap Mosonik, 1951–2025

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Kapsoit, na nyinyi wageni mliosukuma magari kwenye matope ili mfike hapa, tunawashukuru. Mimi ni Janeffer, na marehemu alikuwa kaka yangu mkubwa. Nimepewa kusoma habari za maisha yake kwa sababu, kama walivyosema wajomba, sauti yangu haihitaji spika. Nitasoma yote yaliyoandikwa, pamoja na jambo moja ambalo wengi wenu hamlijui na ambalo yeye mwenyewe aliomba lisomwe leo. Ni habari za lile gari lililochemka mwaka wa 1987. Kwa ajili ya gari lile mlimbandika kaka yangu jina la Chemsha, na alitamani sana asizikwe nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 hapa Kapsoit, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mosonik na marehemu mama yetu, ambaye nyote mlimwita Bot Kiptanui, yaani mama wa Kiptanui. Tulizaliwa watano, na sasa nimebaki mimi tu. Akiwa na miaka minane hivi aliifungua taa ya kandili ya baba, akaipangua yote, akaiunganisha tena. Taa iliwaka vizuri kuliko mwanzo, ila ilibaki skrubu moja ambayo haikupata mahali pake. Baba alimchapa kwa ajili ya ile skrubu. Tangu siku hiyo kaka yangu hakuwahi kubakisha kitu, na naomba mlikumbuke hilo tukifika mbele.

Alisoma shule ya msingi hapa karibu kuanzia 1960 na akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1966. Alipita, lakini mwaka ule ng'ombe wetu walikuwa wamekufa kwa ugonjwa na karo haikupatikana. Hakununa. Januari 1967 aliingia karakana ya shamba moja la majani chai upande wa Kericho, akianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Baada ya miaka sita alikuwa akishusha injini ya lori na kuirudisha kabla wachumaji hawajateremka na majani ya mchana.

Mwaka wa 1974 alikutana na Bwana Isaiah Omosa, mfanyabiashara aliyekuwa amehamia Kericho kutoka Kisii, mwenye karakana yake mwenyewe na wazimu wa mbio za magari. Bwana Omosa alinunua Datsun, akang'oa viti vya nyuma, akaongeza taa nne mbele, akatangaza kwamba yeye ni dereva wa rali. Alichokosa ni mtu wa kulitengeneza hilo gari kila alipolivunja. Alimchukua kaka yangu awe mkuu wa mafundi, na kwa miaka kumi na mitatu walikuwa kama pete na kidole.

Vijana wa leo wakiona rali wanaona helikopta na matairi mapya yaliyopangwa kama mikate. Marehemu alitusimulia ya zamani. Mafundi walikuwa watatu na pikapu moja, ndani kuna springi, jeki, birika la chai na mahindi ya kuchemsha. Hawakuwa na simu. Walijua gari lao linakuja kwa kusikiliza mlio wake mlima wa pili, na marehemu aliweza kusema kutoka kwa ule mlio ni kipi kimelegea. Huko Chebunyo, mvua ikinyesha, gari liliwahi kuvutwa kutoka kwa matope na ng'ombe wanne wa kulima. Mwenye ng'ombe alikataa pesa, akaomba azungushwe uwanja mara moja na kofia ya dereva kichwani.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Kabla gari halijaondoka mahali pa mafundi, alilizunguka peke yake, akagusa kila nati kwa kidole, kisha akapiga paa makofi mawili. Baada ya makofi hayo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mwenye gari. Walikuwa wakiuita huo mkono wa mwisho, na Bwana Omosa hakuondoa mguu kwenye breki mpaka ausikie.

Mke wake naye alimpata kwenye rali. Mwaka wa 1978, karibu na Longisa, jiwe lilitoboa tangi la petroli. Dawa ya hapo porini ni kuziba tundu kwa sabuni ya kufulia, na sabuni yao ilikuwa imeisha. Marehemu alikimbia hadi boma lililokuwa karibu, akamkuta msichana akifua, akaomba kipande. Msichana alitaka kujua kwanza gari linafuliwaje. Alipompa alimwambia kwamba hiyo si zawadi, airudishe. Wiki iliyofuata kaka yangu alirudi na mche mzima wa sabuni, halafu akarudi na wazee. Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Desemba 1979, na wifi yangu Rael Chepkemboi hajakosa sabuni kwake hadi leo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kipruto, Fancy na Kiptum.

Sasa nifike kwa lile jambo. Jumamosi tarehe 9 Mei 1987 kulikuwa na mbio zilizoanzia Chebunyo, zikapanda kupitia Longisa, zikaja hapa Kapsoit kwa mafundi, halafu zikazunguka barabara za majani chai na kumalizikia Kericho mjini. Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa Chebunyo. Niliona mwanzo tu. Gari la Bwana Omosa lilifika hapa Kapsoit likiwa mbele ya wote. Wakabadilisha matairi, wakaongeza maji, marehemu akalizunguka na kupiga makofi mawili. Na hapo ndipo mama yetu alipotokea na akina mama wenzake, wakiimba, wamebeba sinendet.

Wageni wetu wa mbali, sinendet ni mmea utambaao tunaowavisha walioshinda. Mkimbiaji akirudi na ushindi anavishwa shingoni, na anavishwa nyumbani. Mama aliona gari la mtoto wake limefika nyumbani la kwanza. Kwake yeye mbio zilikuwa zimekwisha. Hayo mambo ya Kericho hakuna aliyemwambia. Kwa kuwa gari halina shingo, akalivika puani. Alizungusha sinendet kwenye taa na kwenye wavu wa mbele, mizunguko minene ya upendo, na ncha moja akaipenyeza chini ya boneti ili isianguke.

Marehemu alisimama na spana mkononi akitazama. Sheria yake ilikuwa imevunjwa mbele ya macho yake. Lakini aliyeivunja ni mama, na sinendet iliyofungwa na mkono wa mama haifunguliwi na mtoto mbele za watu. Aliiweka spana chini, na gari likaondoka na majani yake.

Mnajua gari lilichemka, lakini sababu hamkuijua. Matope ya barabara za majani chai yalishika kwenye ile sinendet kama ukuta uliokandikwa, hewa ikakosa njia ya kufika kwenye redieta, na ile ncha ikanaswa na feni, ikatupa belti. Gari lilichemka na kusimama Kericho ikionekana pale chini. Magari manne yaliwapita. Bwana Omosa aliporudi kwa mafundi aliuliza swali moja tu, nani aligusa gari mwisho. Marehemu akajibu, "Mkono wa mwisho ulikuwa wangu. Nilisahau kukaza belti."

Jumatatu aliambiwa asirudi kazini. Akafungua karakana yake hapa sokoni mwaka wa 1988, na nyinyi nyote mlimletea pikapu za maziwa, trekta na malori ya majani chai, na akawatengenezea vizuri. Lakini Wakipsigis tukipata utani hatuuachi. Lori likitoa moshi kule mlimani mtu alisema limepigwa Chemsha. Hata watoto wa shule walimwita hivyo. Alitabasamu, akapangusa mikono kwa kitambaa, akaendelea. Rael peke yake ndiye aliyebisha, kila mara, kwamba mwanamume anayekaza hadi mfuniko wa chupa ya chumvi hawezi kusahau belti. Marehemu alimwambia anyamaze.

Mama yetu aliishi hadi 2009, na hadi siku yake ya mwisho alisimulia kwa furaha jinsi alivyolivika gari. Hakujua. Sisi pia hatukujua kwa nini kaka alitoka nje kila aliposimulia.

Tuliona pia kwamba alikuwa mkali sana kuhusu sinendet. Fancy alipoolewa mwaka wa 2011, vijana walipamba gari la maharusi kwa sinendet vizuri kabisa, na marehemu akaifungua yote kwa mikono yake, akaiweka kwenye buti, akasema watavishwa wakishafika. Mashangazi walikasirika. Mimi nilimwambia mbele ya wakwe kwamba amezeeka vibaya. Alisema tu, "Gari haijafika."

Mwezi wa Juni 2023 alianza kushindwa kumeza ugali. Alipelekwa hospitali ya Longisa, na vipimo vikaonyesha saratani ya koo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, na majirani waliochanga, na zaidi ya wote Rael, aliyemlisha uji kwa kijiko miezi mingi bila kununa. Alipopata nafuu kidogo Agosti mwaka jana na kurudi nyumbani, majirani walikuja na sinendet. Mnakumbuka alivyowajibu: gari haijafika. Tuliitundika kwenye mlango wa karakana mpaka ikakauka.

Maumivu yalikuwa mengi, sitawaficha. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomkaba, na Januari mwaka huu kilitoka. Bwana Omosa alikuja. Hakuwa amekanyaga boma hili tangu 1987. Nilikuwa nimeketi pale pale na Rael, kwa hivyo nisemayo niliyasikia. Aliketi kando ya kitanda, akashika kofia yake mpaka chai ikapoa. Halafu akasema:

"Weldon, ile majani niliiona. Nilikuwa nimekaa pale ndani, inatingika mbele ya boneti njia yote. Ningesimama niitoe. Lakini nilisema, mama ya mwenyewe ameifunga, mimi ni nani niifungue? Ukasema ni belti, nikanyamaza. Lawama ikawa yako, na ilinifaa. Nimekuja kuichukua."

Sisi wanawake tulitazamana. Ndipo tulipoelewa, hapo hapo, yote kwa mara moja: kutoka nje kwa kaka yangu, gari la maharusi, na chumvi ya Rael. Marehemu hakuwa na sauti tena ya kutosha. Alimtazama Bwana Omosa, akasema polepole, "Basi tuliogopa mama mmoja, watu wawili."

Akaanza kucheka. Bwana Omosa naye akacheka. Walicheka mpaka Rael akasimama akidhani mumewe amepaliwa, na machozi yakawatoka wazee wawili wa miaka sabini na zaidi. Sijui kama nimewahi kuona mtu akipona huku anakufa, lakini nadhani niliona siku hiyo. Tangu hapo alipata usingizi. Bwana Omosa alikuja kila Alhamisi, wakazungumza mambo ya springi na matope, na marehemu akatupa maagizo mawili: kwamba jambo hili lisomwe kwenye mazishi, na kwamba mama asilaumiwe. "Semeni tu alitubariki mapema," alisema.

Basi nimesema. Mama alitubariki mapema. Belti ilikuwa imekazwa.

Weldon Kiptanui arap Mosonik aliaga dunia nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, akiwa na miaka sabini na mitatu, Rael akiwa amemshika mkono na Bwana Omosa akiwa ndiyo kwanza anaingia langoni. Nimelia kama mlivyolia. Lakini ukweli ni kwamba moyo wangu umetua, kwa sababu maumivu yamekwisha, na kwa sababu hakuondoka na mzigo usiokuwa wake.

Ameacha mjane, Rael Chepkemboi. Watoto Kipruto, Fancy na Kiptum. Wakwe wawili na wajukuu saba. Mimi dada yake. Mafundi wote aliowafundisha hapa sokoni. Na rafiki yake Isaiah Omosa.

Leo alfajiri Bwana Omosa alibisha mlango wangu akaniuliza sinendet inakatwa wapi. Nilimpeleka kwenye ua wa mama, ule ule wa zamani, akaikata mwenyewe. Iko pale kwenye meza mbele yenu. Rael na watoto wamekubali kwamba tukishamaliza kuomba, yeye ndiye atakayelizunguka jeneza, apige makofi mawili, alivike. Baada ya hapo mtu asiliguse.

Kaka yangu, umefika. Zima injini upumzike kwa amani.