Mama Vitalia Kapinga na Laini ya Liparamba

Tarehe 30 Juni 2006 Mama Vitalia Kapinga anastaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la afya kwa miaka ishirini na tisa, yote katika chumba kimoja cha mawasiliano hapa Mbinga. Chumba kimepakwa rangi mara tatu na kubadilishiwa wakubwa mara sita. Yeye yuko vilevile, ila amechoka, na hamfichi hilo yeyote anayemjulia hali.

Alianza mwaka 1977 kama mwendeshaji wa redio. Kila asubuhi aliita vituo sita: Matiri, Mpepai, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na Liparamba. Lituhi wakiwa kimya hakuganda hapo. Alisogea Liuli, akamaliza mzunguko, kisha akarudi kuwaita tena. Katika daftari lake kila kituo kilipata neno moja kati ya matatu: tayari, bado, au imekatika. Hilo la tatu aliliandika kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Sisi tuliofundishwa naye tulinung'unika kwamba anatuchosha na "bado" zake. Amekuwa mfanyakazi bora mara mbili, na kikombe alichopewa mwaka 1988 hadi leo kinahifadhi kalamu. Chai ya moto sijawahi kumwona akiinywa.

Mageuzi ya uchumi yalipotufikia na sisi tukapunguzwa. Kati ya waendeshaji watano alibaki yeye peke yake, wafadhili wakaleta kompyuta, na mwaka 2004 akaja Praygod, fundi wa kompyuta kutoka Moshi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa majibu ya vipimo vya damu vya akina mama wajawazito. Kuyasoma redioni kulikatazwa, maana kila aliyekaa karibu na kituo angesikia jina na jibu. Ikaamuliwa yapite kwenye redio hizohizo kutoka kompyuta hadi kompyuta, yakiwa yamefungwa kwa ufunguo wa siri.

Praygod alitengeneza programu nzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Ilizungukia vituo vyote sita bila kukwama kwenye kimoja. Tatizo lilikuwa mwanzoni mwa mazungumzo. Kabla jibu lolote halijatumwa, kompyuta mbili hupeana kwanza ufunguo, kipande kwa kipande: hii itume, ile ijibu, mara kadhaa. Programu ilipochungulia Liparamba na kukuta kipande kinachofuata hakijafika, ilichukulia kwamba laini imekatika. Ikafunga, ikaanza upya na ufunguo mwingine. Vituo vingine vilijibu upesi, kwa hiyo hatukugundua kitu. Liparamba ni mbali, na laini yake ni ya kujikokota.

Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya saba. Otilia, muuguzi wa kituo cha Liparamba, aliita redioni karibu kila siku. Kulikuwa na akina mama waliokaribia kujifungua, na dawa ya kumkinga mtoto na maambukizi haitolewi bila jibu la mama. Barabara nayo ilikuwa imefungwa na mvua. Praygod aliandika ripoti kwamba laini ya Liparamba imekufa na haifai kusumbukiwa. Mkuu wa mawasiliano aliisaini. Mkuu huyo ni mimi, na kusaini hakukunichukua dakika moja.

Mama Vitalia hakubishana na mtu. Alichapisha kumbukumbu zote za ile programu, akakaa nazo siku nne na kalamu nyekundu, kisha akatuita. Liparamba ilikuwa imeitikia kila mara. Alimwambia Praygod kwa upole uliotuuma wote wawili: "Mwanangu, mtu amekuitikia marahaba, wewe unageuka unaondoka, halafu unarudi na shikamoo nyingine. Asubuhi nzima hivyo. Huyo atakueleza shida yake saa ngapi?" Akatuonyesha pia mahali ambapo mashine yetu iling'ang'ania kutuma wakati mwenzake anangoja kwanza asikilizwe.

Praygod ana adabu zake. Hakujitetea. Kwa siku mbili aliibadilisha programu ili kwanza iulize hali ya laini: iko tayari, imekatika kweli, au bado, na kama ni bado, inangoja kupokea au inangoja kutuma. Ikiwa bado, ufunguo uleule unabaki, programu inahudumia vituo vingine, kisha inarudi kuendelea pale ilipoachia. Alhamisi ya tarehe 31 Machi 2005 Liparamba ilifunguka, na majibu kumi na manne yakapita.

Akina mama kumi na mmoja waliyapata kwa wakati. Watatu walikuwa wameshajifungua.

Ofisini tulipiga makofi. Mama Vitalia hakupiga. Barabara ilipopitika aliomba likizo, akapanda lori la mahindi, akaenda Liparamba. Kule watu walikuwa wakisema kwamba Otilia ndiye aliyekalia majibu, na baadhi walikuwa wameacha hata kumsalimu. Mama aliingia nyumba za wale watatu waliochelewa kupata majibu, akakaa, akaeleza kwamba kosa lilikuwa la Mbinga. Mmoja alimsikiliza akiwa amempa mgongo hadi mwisho. Tangu arudi, ule uchovu wake haujaisha, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia apumzike.

Aliniomba jambo moja tu, kwamba ofisi iyaseme hayo kwa maandishi. Nilimwahidi. Imepita zaidi ya mwaka, na kila mwezi nilipata sababu.

Basi naandika leo, katika ratiba hii ya sherehe yake, isomwe na kila mgeni. Kwa akina mama watatu wa Liparamba, na kwa muuguzi Otilia: majibu yenu yalikuwa hapa Mbinga wiki zote saba, na aliyesaini kwamba hayawezi kufika ni mimi, Cuthbert Hyera. Tuliwakosea. Tunaomba radhi.

Mama Vitalia, nenda kwenye shamba lako la kahawa kule Matiri ukapumzike. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na usingizi mtamu. Na asante kwa kwenda kule nilikopaswa kwenda mimi.