Kadi Niliyoisukuma Pembeni

Mheshimiwa Jaji Kiongozi wa mahakama yetu. Mheshimiwa Duane Estrella, Mwenyekiti wa Bodi ya Kaunti ya San Telmo. Waheshimiwa majaji wenzangu. Mawakili, makarani na walinzi wa mahakama. Wanangu wawili mliotoka Fresno. Nanyi mabibi na mabwana mliokuja kula nyama ya kuchoma na maharage kwa kisingizio cha kuniaga:

Nimesikia sifa zangu tangu saa sita mchana, na nyingine zimenishangaza hata mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti amesema kwamba kwa miaka ishirini na miwili Jaji Odette Bettencourt hakuwahi kuegemea upande wowote. Nakushukuru, Duane. Natamani ningejua kama ni kweli.

Wageni wetu huenda hamjui jambo ambalo sisi tumelizoea. Mshahara wa jaji hulipwa na jimbo, kutoka makao yake makuu Sacramento. Juu ya mshahara huo kaunti yetu, kwa hiari yake, hutuongezea marupurupu na bima ya matibabu, ili majaji wazuri wasikimbilie kwenye ofisi za mawakili wa San Francisco. Si siri, wala si wizi. Bunge la jimbo lenyewe limeruhusu. Mume wangu Gilbert, Mungu amrehemu, alisafishwa damu kwa mashine miaka sita kwa bima hiyo, na yeyote atakayesema niliipokea kwa tamaa nitamjibu hapa hapa. Ila kaunti hiyo hiyo hushtakiwa mbele yetu. Je, anayelipia matibabu ya mumeo akifikishwa mahakamani, utamtazama kwa macho yale yale unayomtazamia mtu baki?

Kwa ajili hiyo tulikuwa na kadi. Karani wangu Bernadette, ambaye naona ameshaanza kutafuta leso, aliichapa na kuifunika kwa plastiki. Kila kesi ya kaunti ilipoitwa, niliisoma kadi hiyo: kwamba kaunti hunilipa marupurupu, na kwamba asiyeridhika aseme, aletewe jaji wa kutoka kaunti nyingine. Niliisoma mbio mbio kama dalali wa mnada wa ng'ombe. Mawakili hawakuinua hata macho. "Tunaridhia, Mheshimiwa," huku wakipanga makaratasi yao. Msicheke, ninyi wa meza ya pale nyuma, ni ninyi ninaowasema! Miaka yote hiyo hakuna aliyekataa, nami nikaanza kuiona kadi ile kama usumbufu.

Jumatatu moja ya Machi, miaka tisa iliyopita, akaja mzee Wendell Oberholt, mkulima wa lozi, bila wakili. Mtaro wa barabara ya kaunti ulikuwa umefurika na kuzamisha shamba lake, milozi ikaoza mizizi. Kesi kumi na nne zilikuwa zinasubiri. Bernadette akanisogezea kadi. Nikaisukuma pembeni. Nilijiambia, hakuna wakili wa kusema "tunaridhia," sasa nitaanza kumweleza mzee huyu mpaka lini? Na akikataa, majaji wote kumi na mmoja wa kaunti hii tunajitoa, tumsubiri mgeni miezi minne.

Mzee hakuwa mjinga. Alivua kofia, akauliza, "Samahani, mama jaji, kabla hatujaanza. Wewe unalipwa na nani?"

"Mshahara wangu unatoka jimboni, Bwana Oberholt," nikamjibu.

"Aa, basi sawa. Maana hawa jamaa wa kaunti nawajua, wanamlipa kila mtu."

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka.

Nilitupa madai yake kwa sababu alichelewa kuyapeleka kwanza kwa kaunti yenyewe, kama sheria inavyotaka kabla ya kuishtaki. Sheria iliniruhusu kufanya hivyo, na iliniruhusu pia kumsamehe aliyechelewa kwa sababu nzito. Mzee alikuwa amelazwa hospitali. Nikasema haitoshi. Je, nilimwonea? Nimeisoma hukumu ile mara nyingi kuliko barua za marehemu mume wangu. Siku nyingine naiona imenyooka, siku nyingine naona haya. Muda wa rufaa ulishapita, milozi iling'olewa, shamba likauzwa, na mimi sitajua kamwe kama siku ile aliyeamua ni jaji au ni mke wa mgonjwa. Najuta, ndugu zangu. Najuta sana.

Majaji vijana, siwaambii mkatae bima. Watoto wenu nao huugua. Nawaomba muisome kadi. Isomeni taratibu, mkimtazama mtu usoni, kisha mnyamaze mpaka ajibu.

Mwezi uliopita nilimwandikia Mzee Oberholt, anayeishi sasa kwa binti yake huko Modesto. Nilimweleza yote bila kujitetea, nikamalizia na swali ambalo lilikuwa haki yake: kaunti unayoishtaki hunilipa marupurupu, je, unaridhia niisikilize kesi yako? Jibu lilifika Jumanne, limeandikwa kwa penseli, mistari miwili tu. Ruhusuni niwasomee, ndipo nikae.

"Ungeniuliza siku ile, ningeridhia. Ulionekana mtu mkweli."

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.