Soko Zima Lilijua Paswadi Yangu

Wenzangu Waislamu, assalaam aleikum. Na nyinyi mama zetu wa ng'ambo, wa Beni na Butembo, Tumsifu Yesu Kristu. Leo nimesimama mbele yenu hapa Bwera nikiwa na hasira, na sitaificha. Mwenyekiti wa mkutano ameniambia niongee polepole. Nitajaribu.

Mnanijua. Mimi ni wakala wa forodha pale mpakani Mpondwe. Gari likifika, mwenye mizigo ananiachia karatasi zake, nahangaika na maofisa mpaka livuke. Kazi yetu haina duka wala shamba. Ina jina tu, na jina likiharibika umekwisha.

Basi chama chetu cha mawakala kikaleta fundi wa kompyuta atutengenezee mfumo wa simu. Zamani gari likitaka kutoka yadi, wakala alikuja getini mwenyewe, mlinzi akamwona kwa macho. Sasa ati unaingiza jina lako na paswadi kwenye simu, mlinzi anapata ujumbe, anafungua. Tulifurahi, maana mvua ya Mpondwe tunaijua.

Fundi akasema tuchague paswadi ambayo hatuwezi kuisahau. Ndugu zangu, nawauliza: Mkonzo akiambiwa achague neno asiloweza kulisahau, atachagua nini? Kifungua mimba wake! Wangu ni mvulana, kwa hiyo ni Baluku, kama mvulana wa kwanza wa kila nyumba kwetu. Nikaandika Baluku. Mimi, ambaye soko zima linaniita Mama Baluku kuanzia asubuhi hadi jioni! Cheka tu, dada, wako wa kwanza ni msichana, yako najua ni Masika.

Baada ya wiki moja fundi akatuma orodha yote kwenye kundi letu la simu, ati kila mmoja ahakikishe namba yake iko sawa. Pembeni ya kila jina kulikuwa na mstari wa herufi na tarakimu zilizovurugika. "Hizo ni paswadi zenu," akasema, "lakini zimesagwa. Muhogo ukishakuwa unga, nani ataurudisha kuwa muhogo? Hata mimi siwezi kuzisoma." Tukampigia makofi. Makofi, wallahi!

Ijumaa moja, nikiwa msikitini, gari la samaki wakavu kutoka Katunguru lilitolewa yadi kwa jina langu. Mwenye samaki ni mama mmoja aliyekimbia vita huko Beni, rafiki yangu wa miaka mingi, tumekula sahani moja. Samaki wale hawakuonekana tena.

Natoka kuswali, nakuta kamati ya chama inanisubiri kwenye geti la yadi. Nikasema nilikuwa msikitini, waulizeni akina mama tuliosimama safu moja. "Basi ulimpa mtu paswadi yako." Sikumpa mtu! Mkubwa mmoja wa kamati, wakala mwenzetu, zamani alikuwa jeshini, akanikata: "Nyamaza! Kompyuta haina ndugu, haina kabila. Imesema ni wewe. Lete beji!" Mbele ya madereva, mbele ya wabebaji. Nikaivua.

Rafiki yangu alikuwa amesimama palepale. Hakupiga kelele. Aliniambia taratibu, "Mama Baluku, batu beko nasema ni weye. Mimi sijui. Lakini kwangu usikuye tena." Kuambiwa nisije tena kwake kuliniuma kuliko beji.

Nikahama Bwera. Nilikaa Kilembe kwa dada yangu miezi saba, nimejificha kama mtu aliyeiba kweli. Huku nyuma watu wakasema lisemwalo lipo. Kuna siku nilikaa kando ya mto Nyamwamba nikamuuliza Mungu kwa nini ananitazama tu. Ndiyo, nilisema hivyo, astaghfirullah.

Jirani ya dada yangu ni binti anayefundisha kompyuta mjini Kasese. Siku moja tunachambua maharage, nikamsimulia yote. Akauliza, "Mama, paswadi yako haikuwa jina la kifungua mimba wako?" Nilishtuka, nikadhani ni mchawi. Akaomba ile orodha, nilikuwa bado ninayo. Aliitazama kidogo tu, akasimama ghafla na maharage yote yakamwagika.

"Njoo uone." Mstari wa pembeni ya jina langu na mstari wa wakala mwingine, herufi kwa herufi, ulikuwa uleule. Na wa mwingine. Na mwingine. Tulifika watu kumi na mmoja.

"Hawa wote wana Baluku," akasema. "Fundi alisaga kila paswadi peke yake, bila kuichanganya na kitu. Neno moja linatoa unga uleule kila mara. Mwizi hakuhitaji kurudisha unga kuwa muhogo. Aliangalia mstari wake mwenyewe, akauona umefanana na wako, akajua paswadi yenu ni moja."

Ndugu zangu, nawaambia, damu ilinipanda kichwani! Watu kumi na mmoja tuna ufunguo mmoja, fundi ametutangaza kwenye simu ya kila mtu, halafu mwizi ni mimi!

Kesho yake tulikwenda Mpondwe. Binti akampa yule mkubwa orodha, akamwambia, "Afande, tafuta mstari wako. Sasa tafuta wa huyu mama." Akatafuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mistari ilifanana.

"Kwa hiyo hata wewe ungeweza kutoa gari lile?" binti akamuuliza.

"Mimi sikutoa!" akafoka.

"Hata mimi nilisema hivyo," nikamjibu.

Fundi alipoitwa akasema ati hakujua. Hakujua! Kumbe dawa yake mafundi wanayo miaka mingi. Kabla ya kusaga, kila paswadi inachanganywa na herufi zake yenyewe za kubahatisha, wanaziita chumvi, na hapo Baluku wangu na Baluku wako wanatoka tofauti. Tena kusaga kunafanywa polepole makusudi, ili anayejaribu majina elfu achoke. Sasa mfumo wetu uko hivyo, na paswadi yangu nimebadilisha. Msiniulize.

Namshukuru dada yangu aliyenilisha bila kuniuliza neno. Namshukuru binti yule, Mungu amzidishie. Na rafiki yangu alikuja mwenyewe mlangoni, akasema, "Nilikukosea, mama." Tulilia sana. Mwizi hatujamjua mpaka leo.

Somo langu ni hili. Mtu akikuletea mfumo, muulize: wawili tukiwa na paswadi moja, mistari yetu itafanana? Akisema ndiyo, au akikodoa macho, usimpe siri yako. Na wewe usiweke jina ambalo jirani analiita kila siku.

Kamati walinirudishia kazi kwa simu. Dakika mbili, "mama, mambo yameisha, njoo uchukue beji." Waliponiita mwizi yadi nzima ilisikia, waliponisafisha nilisikia peke yangu. Kwa hiyo nawaomba nyinyi. Mkitoka hapa, kila mmoja atafute mtu mmoja aliyekuwa getini siku ile, amwambie kwamba mwizi hakuwa Mama Baluku.