Antena Niliyoigeuza Mlimani

Wapendwa, naomba nisimame hapa hapa kwenye benchi langu. Pale mbele husimama wenye habari njema tangu mwanzo, na yangu inaanza vibaya. Wazee wangu, shikamooni. Wengine, amani kwenu.

Wengi mnanijua mimi ni fundi redio. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mtu akileta alichoweza, nilianza kufunga simu za upepo majumbani. Simu ya waya ungeisubiri mpaka uzeeke. Yangu ilikuwa kisanduku, betri ya gari na antena juu ya bomba. Ila Mwanza yetu mnaijua, mawe kila upande, na mawimbi hayapiti kwenye jiwe. Kwa hiyo nyumba inaisikia ile inayoiona, nayo inapokeza kwa nyingine, hivyo hivyo mpaka ujumbe ufike. Kila niliyemfungia aliahidi kwamba redio haizimwi, na ujumbe wa mtu haulali kwake.

Nyumba ya kati ilikuwa ya mama mmoja mjane, juu kabisa mlimani. Bomba lake lilikuwa na antena mbili, moja inatazama ziwani, nyingine upande wa pili wa mlima. Bila yeye pande hizo hazisikilizani. Na alikuwa mchapakazi, jamani! Usipomjibu redioni anakufuata kwa miguu, khanga kiunoni, anakupa ujumbe na kukusema juu yake: "Redio umefungiwa ya kutandikia kitambaa?"

Jumamosi moja tajiri fulani alikuwa na wageni. Nyumba yake ilijificha nyuma ya mawe, ikionekana kutoka kwa yule mama tu, lakini alitaka wageni wamwone akiongea hewani. Ndugu zangu, nawaambia, kupenda sifa ni ugonjwa. Mchana nilipanda kwa yule mama, sikumkuta, nikaigeuza antena ya ziwani ikatazama kwa tajiri. Nikajisemea ni saa moja tu. Kule nikakuta pilau, na wageni wakaniita injinia. Nani alikuwa amewahi kuniita injinia? Nikakaa mpaka jua linataka kuzama, ndipo nikapanda kuirudisha, nikateremka kimya kimya.

Mchana ule ule, kule ziwani, mzee mmoja alikuwa anakata roho. Alimuulizia binti yake aliyeolewa upande wa pili wa mlima. Wanawe waliita redioni, wakaita tena na tena. Mama wa watu hakuwasikia. Yeye alikuwa anapokeza salamu za tajiri. Mwishowe walituma mtu kwa miguu kuuzunguka mlima, na binti alifika baba ameshafunikwa.

Msibani yule mama alikuja na bakuli la unga, kama tunavyofanya. Binti alilipokea, akalitazama, akamrudishia mbele ya watu wote. "Kampikie huyo tajiri uliyekuwa unapiga naye soga." Mimi nilikuwa nimekaa karibu, kikombe cha chai mkononi. Mzee mmoja akanigeukia: "Fundi, kwani redio yake ilikuwa mbovu?"

Nikajibu, "Ilikuwa nzima."

Hapo hakuna uongo, si ndiyo? Lakini sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Watu wakaanza kumpita bila salamu. Sikuweza kuvumilia kumtazama, nikahamia Magu, nikamdanganya mke wangu kwamba kule kuna kazi nyingi. Chakula hakikupita. Nikashika pombe, na pombe ikanishika.

Siku moja nilirudi kuwaona watoto. Yule mama akasikia, akaja na redio yake ndani ya beseni kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba unifundishe upya. Labda waliniita sikusikia, masikio yangu yamezeeka. Sitaki kumkosesha mwingine."

Ndugu zangu, nililia kama mtoto. Nikamwambia yote pale pale mlangoni. Akaliteremsha beseni chini.

"Kwa hiyo mimi nilisikia vizuri?"

"Ulisikia vizuri, mama."

"Basi twende ukawaambie."

Hakusema amenisamehe. Alijitwika beseni lake, akatangulia.

Niliwaambia, yule binti na ndugu zake wamekaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga, akampigia magoti yule mama. Wakashikana, wakalia wote wawili. Mimi akaniambia, "Nimekusikia. Nenda." Mpaka leo salamu yangu anaijibu kwa kichwa tu. Ni haki yake.

Namshukuru mke wangu, aliyenirudisha kutoka Magu na kumwaga chupa zangu. Nawashukuru ninyi mlioniombea bila kuuliza sana. Na yule mama, aliyenibeba mpaka kwenye ukweli huku amejitwika mzigo wangu kichwani. Yupo hapa leo, sitamtaja. Kama kuna mtu anabeba lawama yako, mpendwa, usisubiri akufuate na beseni. Mfuate wewe.

Leo kabla ya ibada nimepanda mlimani, kama ninavyofanya kila Jumapili, kuangalia ile antena inatazama wapi. Yule mama akatoka nje. "Unatafuta nini tena, injinia?" Ndivyo anavyoniita siku hizi, huku anacheka. Na mimi kila akiniita hivyo, naona haya upya.