Muhuri Aliompigia Nguruwe Wangu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na karatasi niliyopewa na kamati nimeikunja mfukoni, kwani imeandikwa maradhi ya muda mfupi, nayo yalikuwa ya miaka mitano.

Kaka alizaliwa tarehe 3 Machi 1976, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1984, akahitimu ukaguzi wa nyama na kuajiriwa machinjioni tarehe 1 Julai 1999, ambako walimbatiza Bwana Ulimi, maana kila nguruwe alimvuta ulimi na kuupapasa chini, na mwenye nguruwe akinung'unika aliambiwa asubiri zamu yake ya kutoa ulimi.

Alifunga ndoa na shemeji, mwalimu wa chekechea, tarehe 12 Agosti 2006, wakajaliwa binti mwaka 2008 na mvulana mwaka 2011, nami nikahamia chumba cha uani, nikifuga nguruwe waliozurura hadi chooni, na kila jioni nikiimenyea familia nzima matunda.

Tarehe 19 Desemba 2015 nilipeleka nguruwe wangu wa kwanza, kaka akakuta chini ya ulimi vivimbe kama punje za mchele, dalili ya tegu, nyama ya kufukiwa, akanitazama, nami nikamwomba asinivunje mgongo, naye akapiga muhuri wa nyama salama, mara moja tu alipopitisha nyama mbovu katika kazi yake yote. Nyama ile wengine wenu mliinunua, nyingine niliila mwenyewe, haijaiva vizuri.

Februari 2018 kaka alianguka kifafa mezani, picha ikaonesha vivimbe vile vile kwenye ubongo, daktari akaeleza kwamba huletwa na mayai ya tegu, kutoka kwa mtu mwenye tegu tumboni asiyenawa mikono akitoka chooni, akataka nyumba nzima ipimwe. Wote walipima, mimi nikagoma, nikijidai mzima kama chuma. Kaka alijua ni mimi, lakini kunitaja kungefika kwenye muhuri, basi akabanwa humo, mbele hawezi, nyuma hawezi, akimeza dawa na kukaa kimya, huku mimi nikiendelea kumenya matunda.

Nilipima mwezi uliopita, nikakutwa na tegu. Kaka alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa kumi alasiri, kwa kifafa kilichokataa kukatika.

Shemeji, haya unayasikia leo pamoja na watu, na hasira yako ni haki yako, lakini binti analalamika kuumwa kichwa tangu mwezi wa nne, nakusihi kesho asubuhi yeye na mdogo wake wapigwe picha ya kichwa, na mliokula nyama ile mkapime.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliombeba alipoanguka, na wafanyakazi wenzake mliomstiri. Kaka, zamu yangu imefika, ulimi nimeutoa mwenyewe, wewe sasa pumzika kwa amani.