Tawi la Ludovick

Benchi letu liko pale barabara inapoacha kupanda na kuanza kushuka, huku juu ya Busi. Ni gogo lililochongwa upande mmoja na kuwekwa juu ya mawe manne. Ukikaa mwisho wake wa kushoto unaiona barabara yote hadi chini, kona saba, moja chini ya nyingine, kama mstari wa mtoto aliyekuwa akichora huku mwenzake anamsukuma kiwiko. Mbele yake ni tambarare isiyo na mwisho, mabua ya alizeti na moshi wa vijiji. Jumamosi watu hutoka Dodoma mjini na baiskeli nyembamba na kofia ngumu, wakafika hapa wanahema, wakapiga picha, wakaondoka wamefurahi. Sisi tunakaa kila asubuhi, kwa kahawa ya Zaitun. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, baridi inauma masikio. Siku mbili kabla yake, Ludovick alikuwa ameanguka kona ya tatu na magunia mawili ya alizeti, akavunjika paja.

Tulikuwa na kazi siku hiyo. Mtendaji wa kijiji alinipa karatasi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Juu yake palikuwa na maneno "Chanzo cha ajali", na chini yake mistari mitano mitupu. Alisema sisi ndio tuliomwona Ludovick mara ya mwisho akiwa mzima, kwa hiyo tuandike kabla ya adhuhuri. Tukiandika kwamba ni uzembe wa mwendeshaji, baiskeli za mizigo zitapigwa marufuku barabara hii. Nyumba kama arobaini huku juu hazina njia nyingine ya kufikisha alizeti kwenye mashine ya kukamua iliyoko chini.

— Andika kokoto, Mwalimu, alisema Hashimu. Yeye ni fundi baiskeli, tunamwita Hewa kwa sababu pampu haimtoki mkononi. — Kona ya tatu kuna kokoto. Tairi likikanyaga kokoto limekwisha.

— Kokoto zipo tangu barabara ilipochongwa, alijibu mzee Abubakari. — Mbona wengine hawaanguki?

— Basi sema wewe, Gia Kubwa.

Abubakari ni dereva wa lori. Amepanda na kushuka mlima huu miaka kumi na tisa, na kabla ya kusema hupenda kubana macho kana kwamba anatazama kioo cha pembeni.

— Kona imesogea, alisema.

— Imesogea wapi?

— Imesogea chini. Mimi nakata usukani nikifika usawa wa ule mti uliokauka. Miaka yote ni hapo hapo. Mwaka huu nikikata hapo, tairi la nyuma linalamba ukingo. Mimi sijabadilika. Lori halijabadilika. Sasa nani kabadilika?

— Macho yako, mzee, alisema Zaitun bila kuinua kichwa.

Mudrick alicheka hadi kahawa ikamwagikia kidole. Huyu tunamwita Mheshimiwa. Aliwahi kulinda magari karibu na Bunge kwa miezi minane, na tangu arudi hawezi kuongea bila kuomba nafasi.

— Naomba kuchangia, alisema. — Kwanza nianze na kahawa yenyewe. Da Zaitun, tangu juzi inanuka mpira.

— Kunywa, Mheshimiwa. Wakati unaota moto hukulalamika.

— Silalamiki, naweka kwenye kumbukumbu.

— Basi kumbukumbu imesikia.

Mkaa wa Zaitun ulikwisha Jumamosi na muuzaji hakufika. Jumapili baridi ilikuwa kali. Tuliokoteza kuni za karibu, tukawasha moto mkubwa kuliko ule wa kahawa, na tangu hapo tulikuwa tunauchochea. Hata Jumatano hiyo ulikuwa unawaka vizuri.

— Tuendelee, nilisema. — Kokoto, na kona iliyosogea. Nyingine?

Hashimu alitazama chini bondeni.

— Mnajua tatizo la barabara hii? Ni nzuri mno.

— Uzuri unamvunja mtu paja?

— Sikiliza. Ukitoka kona ya pili ukuta wa mlima unaisha, ghafla unaiona nchi yote. Mtu ni mtu. Macho yakienda kule, mikono inafuata. Wale wa Dodoma husimama kwanza, wakatoa simu, wakatazama mpaka wakashiba. Ludovick hana muda wa kusimama. Anatazama huku anakwenda.

— Ludovick kazaliwa hapa, alisema Abubakari. — Anaiona nchi hiyo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Leo ndio imshangaze?

— Labda juzi ilipendeza zaidi.

— Hewa, bwana! Unajitetea. Wewe ndiye uliyemkazia breki.

Hashimu aliweka kikombe chini. Niliona amekasirika, lakini alipojibu alijibu polepole.

— Nilizikaza. Na jana nimeinyoosha rimu yake bure, mkewe aje aichukue baiskeli. Nimezitazama zile breki. Mpira umekwisha wote, kilichobaki ni chuma. Huyo mtu alikuwa amebana tangu juu hapa. Hakushuka kwa mbwembwe. Alibana mpaka mpira ukayeyuka.

Niliandika neno "breki" kwenye mstari wa kwanza, kisha nikalikata, kwa sababu kila mtu wa huku anajua kwamba si hilo.

Msomaji asiyeijua barabara hii nimweleze. Baiskeli yenye magunia mawili haishuki mlima huu kwa breki peke yake. Anayeshuka hufunga tawi nyuma kwa kamba, tawi kavu la mgunga lenye matagaa mengi, likaburuta ardhini na kumshika asiende mbio. Akifika chini hulifungua akaliacha kando ya barabara. Lori linalopanda tupu huyakusanya matawi hayo na kuyaleta juu, likayashusha nyuma ya jiwe kubwa lililo hatua kumi tu kutoka kwenye benchi letu. Hakuna anayelipwa kwa hilo. Kukata tawi bichi hakuruhusiwi, maana mlima huu uliwahi kubaki mtupu, mvua ikaubomoa, na hakuna anayetaka kuyaona makorongo yale tena. Kwa hiyo matawi ni yale yale miaka yote. Yamekuwa laini pale yanaposhikwa, na kila mwendeshaji analijua lake.

Lori lenyewe ni la Abubakari. Wiki ya pili hiyo lilikuwa juu ya magogo nyuma ya nyumba yake, likisubiri giaboksi kutoka Dodoma.

— Mwalimu, wewe ulimfundisha, alisema Zaitun. — Alikuwa mtoto wa haraka haraka?

— Hapana. Nilimfundisha darasa la tatu. Tukiwapeleka mtoni kuchota maji ya bustani, wenzake wanaruka mawe, yeye anagusa kila jiwe kwa mguu kwanza. Wakimcheka, anacheka nao, halafu anagusa jiwe linalofuata.

— Basi si mzembe.

— Si mzembe.

— Basi uandike hivyo!

— Mtendaji hajauliza Ludovick ni mtu gani. Ameuliza chanzo.

— Juzi asubuhi mimi nilikuwa nimeipa barabara mgongo, alisema Abubakari. — Alipita vipi?

Wote walinitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwisho wa kushoto.

— Alikuja anasukuma, nikasema. — Aliiegemeza baiskeli kwenye jiwe. Alizunguka nyuma ya jiwe. Alirudi. Akasimama pale, karibu na Zaitun, akanyoosha mikono kidogo juu ya moto. Alisema shikamooni, tukasema marahaba. Akautazama moto. Akasema, "Baridi kweli, wazee." Halafu akashuka.

— Basi?

— Basi.

Zaitun alichochea moto, kisha akauacha mti aliokuwa ameushika kana kwamba umemchoma. Mudrick alikohoa.

— Naomba kuchangia kwenye hilo hilo la baridi, alisema. Sauti yake ilikuwa ya juu kuliko ilivyohitajika. — Waheshimiwa, baridi ni chanzo. Kitu chochote kikipata baridi kinajikunyata. Mimi najikunyata, Hewa anajikunyata. Mlima ni nani usijikunyate? Sasa mlima ukijikunyata, barabara haipungui. Ina urefu wake ule ule. Itakwenda wapi? Inakunjamana! Ndiyo maana Gia Kubwa anaona kona imesogea. Kona haijasogea. Imezidi.

— Kwa hiyo mwezi wa saba kona ni ngapi?

— Nane. Labda nane na nusu.

Siku nyingine tungecheka mpaka jioni. Abubakari alijaribu, akatoa kicheko kifupi, akakiacha njiani.

— Andika hiyo, Mwalimu, alisema. — Andika mlima umejikunyata.

— Nitaandika kwa mtendaji kwamba mlima umejikunyata?

— Andika chochote. Saa tano hii.

Nilishika kalamu. Niliwafundisha watoto miaka thelathini na sita, na najua sura ya darasa linalojua jibu na halitaki kulisema. Wote hutazama viatu. Siku ile na mimi nilikuwa natazama vyangu. Jumapili, Hashimu alipouliza tutapata wapi kuni, si yeye aliyeonyesha kidole kuelekea nyuma ya jiwe. Ni mimi. Nilisema, "Chukueni yale, lori litaleta mengine." Nililisema mbele ya mwenye lori, na mwenye lori akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa na yeye alikuwa na baridi.

Tulimsikia Yasinta kabla hatujamwona. Rimu iliyonyooshwa hailii sawasawa na rimu nzima. Alitokea kwenye upeo wa barabara akisukuma baiskeli ya mume wake, gunia moja limefungwa nyuma kwa kamba ya katani, khanga ameikaza kiunoni juu ya suruali ya Ludovick. Aliiegemeza baiskeli kwenye jiwe, akazunguka nyuma yake. Akarudi. Akazunguka tena. Kisha akaja kwetu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, tulisema kwa pamoja.

— Pole sana, mama, alisema Abubakari. — Mgonjwa anaendeleaje?

— Anaendelea. Mguu wameufunga. Jana alikichezesha kidole gumba. Anawasalimu.

— Tunamshukuru Mungu, alisema Hashimu. — Na wewe unakwenda wapi na mzigo?

— Mashineni. Zamu yetu ni leo, ikipita mpaka wiki ya pili ya mwezi ujao. Nimechukua gunia moja, mengine nitarudia.

— Umewahi kushuka na mzigo?

— Sijawahi. Lakini Ludovick kila siku ananisimulia, kona kwa kona. Nazijua kama nimezipita.

Alitazama mikono yake.

— Jana nilimuuliza, alisema. — Nilimuuliza, baba, siku ile ulishuka na tawi lako? Lile lenye mpira mwekundu wa tyubu, niliufunga mimi mwenyewe alipolalamika kwamba kamba inateleza. Akageukia ukutani. Akasema, "Wazee walikuwa na baridi." Nikajua ni dawa zinaongea. Sikumsumbua tena.

Moto ulilia kidogo. Mudrick aliusogeza mguu wake taratibu mpaka kiatu kikafunika kitu chekundu kilichokuwa kwenye jivu.

— Sasa leo nimezunguka jiwe mara mbili, alisema Yasinta. — Lake silioni. Na mengine siyaoni. Wazee, matawi yako wapi?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza choo kiko wapi, au msikiti uko upande gani. Alikuwa na hakika kwamba watu wanaokaa hapa kila siku watajua.

Abubakari alitazama upande wa nyumbani kwake, kule liliko lori. Hashimu alikuwa anaigeuzageuza pampu. Mudrick hakuomba kuchangia.

Zaitun aliinuka. Birika lilikuwa limejaa, ndiyo kwanza lilikuwa limechemka. Alilishika kwa upindo wa khanga, akalimimina lote juu ya moto. Mvuke ulipanda, ukatufunika wote, na ndani yake harufu ya mpira ilikuwa kali zaidi. Mvuke ulipotawanyika, kilibaki kipande cha tawi chenye urefu wa mkono, upande mmoja mweusi, upande wa pili laini kwa kushikwa.

— Kahawa imekwisha, alisema Zaitun.

Yasinta alilitazama lile tawi kwa muda. Kisha alitutazama sisi, mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mwisho.

— Basi nitasubiri, alisema.

Nilimpisha nafasi mwisho wa kushoto, akakaa. Kona zote saba zilikuwa chini yake. Maisha yangu yote nimeuliza maswali nikasubiri watoto wajibu, na nilidhani najua kusubiri. Karatasi ya mtendaji ilikuwa gotini kwangu. Nilianza kuandika, nikianzia na jina langu.